Vipande Vinne Chini ya Feni

Rukia mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tazama ni nani aliyeketi kando yako ndani ya basi. Akiwa ni mtu anijuaye, ikunje barua hii uirudishe kifuani mpaka ufike Nakuru. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu kwa namna hii: nitakayoyaandika humu yasikutoke. Usimsomee khalati yako, dada yangu, kwa simu. Usimwonyeshe rafiki yako Aisha. Usipige picha ukurasa wowote. Ukimaliza, ichane. Aibu ninayo, lakini siyo inayonifanya nikusihi hivi. Mtu mmoja tu akilipata neno moja kabla ya adhuhuri ya siku hii unayosafiri, nitakuwa nimechelewa, na nilichotaka kukifanya hakitafanyika tena.

Naandika alasiri. Wewe umeshuka kwenda mtaa wa Buxton kumuaga khalati, nami nimefunga mlango kwa komeo. Kuna kitu nimekiviringisha ndani ya leso na kukiweka chini ya gunia la mchele. Kila nisikiapo nyayo kwenye ngazi, naweka kalamu chini.

Sitakwambia habari za sweta wala za kula vizuri. Hayo wayajua, na khalati yako atakuwa ameshakwambia mara tatu kabla hujamaliza chai. Nataka kukwambia habari za kazi yangu, na za kile kiti ulichoahidiwa.

Wakumbuka Ijumaa ile tajiri wangu, mwenye duka, alipokuja na tende? Sitaandika jina lake. Wewe wamwita mjomba. Alikaa hapo dirishani, akauchukua mchoro wako wa ile nyumba ya ghorofa tatu, akaugeuza huku na huku. Akasema, "Mashallah, huyu ana mkono kama wa mamake." Kisha akasema nduguye ana duka Nakuru, kama hili letu, na Jumamosi wahitaji karani wa kuandika lebo. "Atasoma chuoni, na Jumamosi atakaa mezani, apate chochote. Au vipi, mama Rukia?" Ukanitazama kwa furaha iliyojaa uso mzima. Nami nikasema, "Ahsante sana, tajiri. Mungu akuzidishie."

Hilo ndilo kosa langu la mwisho. Nitakwambia yaliyotangulia.

Kazi yangu waijua kwa nje. Kompyuta zilizotumika huja kwa makasha kutoka ng'ambo, hufunguliwa chumba cha nyuma, na kila kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora kwenye kioo cha kompyuta, itakayouzwa peke yake hupita mezani kwangu. Mimi huichomeka kwenye kompyuta ya majaribio, husoma kioo kisemavyo, kisha huandika lebo: memori kiasi gani, spidi kiasi gani, jaribio limepita. Hutia sahihi. Wateja wa Mji wa Kale wameuzoea mwandiko wangu. Wako wanaoingia dukani na kuuliza, "Hii imeandikwa na yule dada?" Wakiambiwa ndiyo, hawaulizi tena. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, umri wako wa leo, na watu wengi walisema sitafika popote. Kwa hiyo mwandiko wangu kuaminiwa na mji ulikuwa kwangu jambo kubwa.

Aliyenifunza kazi ni Fundi Kazungu, yule mzee wa Rabai aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani chini kwa chini huku akichomea waya. Siku hizo wewe ulikuwa mdogo, wakumbuka peremende zake. Siku zangu za mwanzo nilimuuliza tofauti ya memori na spidi, kwa sababu wateja walikuwa wakiniuliza nami najibu kwa kubahatisha.

"Karani, wapika chapati?" akaniuliza.

"Napika."

"Basi memori ni ubao wako wa kusukumia. Spidi ni mkono. Ubao mdogo na mkono mwepesi, wageni watatu utawalisha mara moja. Wakija thelathini, madonge hayatoshi ubaoni. Mengine utayaweka nyumba ya jirani, na kila ukitaka donge utoke, ubishe hodi, urudi. Mkono wako haukupungua kitu, lakini wageni watalala na njaa."

"Na ubao ukiwa mkubwa?"

"Ukiwa mvivu, ubao mkubwa utakufaa nini? Utaupanda ulale juu yake."

Tulicheka mpaka tajiri akachungulia. Lakini nilielewa kuliko nilivyowahi kuelewa darasani. Mtu anayechora nyumba kama wewe, au anayeunganisha picha za kamera tatu kwa pamoja, huhitaji ubao mpana kwanza. Mwenye kazi ndogo ndogo hufaidika zaidi na mkono. Na mkono nao una mwisho wake. Ukiilazimisha kadi ipige mbio kupita alivyoiunda mtengenezaji, itapiga kweli kwa muda, nambari zitapendeza kwenye kioo, kisha itachemka, ianze kukosea, na mwishowe ife.

Jambo la pili alilonifunza ni kuhesabu. Kabla ya kuandika lebo, alisema, fungua feni ya kadi. Chini yake kuna kipande kikubwa cha kati, hicho ndicho kinachochora. Vipande vidogo vyeusi vinavyokizunguka ndiyo memori. Soma kila kimoja kwa kioo cha kukuzia, hesabu, jumlisha, ndipo uandike. Nilifanya hivyo miezi michache. Kisha makasha yakazidi, na kufungua feni huchukua nusu saa, na kioo cha kompyuta hukupa jibu kwa kupepesa jicho. Nikaanza kuandika kilichosemwa na kioo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichoka tu, na nilikuwa najua kuwa mwandiko wangu hauulizwi.

Siku moja Fundi Kazungu akaniwekea kadi mezani. Lebo ilikuwa yangu: memori giga nane. Feni ameshaiondoa na kupangusa.

"Hesabu."

"Moja, mbili, tatu, nne."

"Kila kimoja?"

Nikainama na kile kioo cha kukuzia. "Nusu."

"Nusu nne?"

"Mbili."

"Lebo yasema ngapi?"

"Nane."

"Nani ameandika?"

"Kioo ndicho kilichosema nane, fundi."

"Kioo sikukiuliza. Nimekuuliza nani ameandika."

Hapo ndipo nilipojua kinachofanyika chumba cha nyuma. Ndani ya kadi mna maandishi madogo yanayoiambia kompyuta kadi ni ya namna gani. Mtu mwenye ujuzi huyafuta na kuandika mengine. Kadi ya mbili husema nane. Mkono nao huongezwa mbio ili jaribio letu la dakika tano lipite kwa sifa. Jaribio lenyewe ni pete inayozunguka kwenye kioo, halijazi hata robo ya ubao, kwa hiyo uongo hauonekani. Huonekana nyumbani kwa mteja, siku kazi itakapozidi mbili na kadi kwenda kutafuta nafasi ambayo haipo.

Fundi Kazungu alikwenda kuzungumza na tajiri, mlango ukafungwa. Wiki hiyohiyo alikusanya vyombo vyake. Aliponipita mlangoni alisema, "Karani, twende." Neno hilo tu, kama mtu anayekualika chai. Nikamwambia nina mtoto kidato cha pili. Nikamwambia chumba tunacholala ni cha tajiri, na ghorofa ya juu anakaa dadake. Yote yalikuwa kweli. Akatikisa kichwa taratibu, akatoka. Nami nikarudi mezani, nikaandika lebo nyingine.

Tangu siku hiyo naandika nikijua.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelianza na kulifuta mara mbili. Mwaka jana uliniomba kadi kwa ajili ya michoro yako. Ulitaka ya nane. Sikukuletea ya dukani kwetu. Nilimtafuta Fundi Kazungu kibandani kwake, akanipa kadi ya giga nne, tukaifungua, nikahesabu kwa kidole changu. Uliponuna ukasema, "Mama, ya kina Aisha ni nane! Wewe wafanya kazi kwenye duka lenyewe, na mimi ndiye napewa nne!" nilikwambia unyamaze na ushukuru. Hukuongea nami mpaka Jumapili.

Kadi ya Aisha niliiandikia lebo mimi. Mamake alikuja nami nikamfungia kwa karatasi ya zawadi. Wakumbuka Aisha alivyolia kompyuta yake ilipokuwa ikizimika kila akifungua kazi kubwa, nasi tukamwambia labda ni joto la Mombasa. Basi elewa, mwanangu: nilijua vizuri kabisa nani nimpe ya kweli na nani nimpe ya uongo. Nikisema sikuwa na la kufanya, usiniamini. Kwako nilipata la kufanya.

Na kuna Bi Farzana.

Wamjua kwa sura, yule mama wa Kihindi wa kona ya msikitini anayezungumza Kimvita kuliko sisi. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za video kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi. Watu walimwita yeye kwa sababu ni mwanamke, na kwa sababu kanda haitoki nyumbani kwake. Hupiga mwenyewe, hukata na kuunganisha mwenyewe, chumbani kwake, mlango umefungwa, kisha humkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Wanawake huvua mabuibui yao mbele ya kamera yake kwa ajili ya hilo. Wanacheza, wamejipamba, nywele wazi, na hawana wasiwasi.

Alikuja dukani anataka kadi. Harusi ilikuwa ya nyumba kubwa, kamera tatu, na kanda ilitakiwa siku fungate linakwisha.

"Mamangu, hii itabeba? Maana picha zangu ni nzito."

"Ni nane, Bi Farzana."

"Wewe umeipima?"

"Nimeipima."

"Basi yatosha. Wewe ukishasema, mimi nalala usingizi."

Siku ya nne alirudi. Alipoziweka kamera tatu pamoja, picha ilikatika miraba ya kijani na waridi, kisha kompyuta ikazimika. Amejaribu mara kumi. Macho yalikuwa mekundu. Tajiri alikuwa nyuma yangu akipanga waya, akasema kwa sauti ya chini bila kuinua kichwa, "Mwambie ni umeme wa kwao."

Nikamwambia, "Ni umeme wa kwenu, Bi Farzana. Mitaa ile umeme hupanda na kushuka."

"Lakini nina kifaa cha kuzuia, mamangu. Nilikinunua hapahapa."

"Labda kimechoka."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akijaribu kunielewa, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Akaiacha kadi kaunta, akaondoka. Fungate likabaki siku tatu. Akaipeleka kazi studio moja ya wanaume, akakaa nao muda wote ili asiiache peke yake, lakini mtu huinuka kuswali. Kabla ya mwezi kwisha, kipande cha kanda ile kilikuwa kwenye simu za watu. Wewe mwenyewe uliletewa, ukakifuta, ukaja kuniambia kwa hasira, "Mama, huyu Bi Farzana hana haya?" Nikasema, "Watu siku hizi." Hilo ndilo jibu nililokupa.

Mama wa bibi harusi alikwenda mlangoni kwake akasema maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia. Tangu hapo hakuna anayemwita. Wanasema aliuza kanda. Mimi hupita upande wa pili wa njia.

Nimesikia nyayo. Ngoja.

*

Amekuja dadake tajiri, wa juu. Nimefungua na jasho limenijaa mgongoni. Ameleta halwa ya safari yako, ameifunga vizuri, iko mezani.

"Msalkheri. Mbona mwajifungia na joto lote hili?"

"Msalkheri, bibi. Nilikuwa nakunja nguo za mtoto."

Akaingia, akakaa pale pale karibu na gunia la mchele, mguu wake ukaligusa. Mimi nilikuwa nimeikalia barua hii.

"Mwana akiondoka nyumba hupoa," akasema. "Lakini msiwe na hofu, huko yuko mikononi mwa ndugu zetu. Kakangu keshapiga simu. Jumamosi hii wamngoja."

"Jumamosi hii?"

"Ehe. Mbona wajishika moyo? Mwenyewe kakangu anakusifu. Asema, karani kama huyu hujui hata kama yupo."

Alicheka, nikacheka naye. Nadhani alitaka kunifurahisha. Amepanda juu sasa, nasikia viatu vyake darini.

Lile alilolisema limenimaliza. Hujui hata kama yupo. Ni kweli, nimekaa miaka yote hiyo mezani pale kama lebo tu.

Kilicho chini ya gunia ni kadi ya Bi Farzana. Ilikuwa bado droo ya chini, na lebo yake imeganda, na sahihi yangu. Nimeitoa leo mchana ndani ya mkoba wa chakula. Wakitaka kuiuza tena wataitafuta, na wakiikosa watajua ni nani, maana droo ile ina funguo mbili tu, wa tajiri na wangu. Ndiyo sababu nataka uwe umeshapita Voi kabla sijaanza.

Ukishaondoka nitakwenda kwa Bi Farzana. Nitaifungua feni mbele yake, ahesabu mwenyewe. Kisha nitamwomba twende pamoja kwa mama wa bibi harusi, niseme nilichomwambia kuhusu umeme, na kwa nini kazi ile ilitoka chumbani kwake. Kanda haitarudi. Hilo najua. Lakini wanawake wa mji huu wanasema aliuza, na mimi peke yangu ndiye niwezaye kusema hakuuza. Naogopa, Rukia. Naogopa atafunga mlango. Naogopa zaidi atafungua. Naogopa tajiri atakavyosimama hapa chumbani, bila kupiga kelele, kwa sababu hapigi kelele kamwe, na kuniambia nitoe vitu. Nimewaza nisiende, niiache kadi mahali pake, nikuage tu kama mama wengine. Nimewaza hivyo hata baada ya kuanza barua hii.

Kuhusu Jumamosi. Nilikuwa nimeshaandika uwaambie una masomo, kisha wiki ya pili uwaambie unaumwa, na taratibu watachoka. Nimekikata kifungu hicho. Ndivyo nilivyoishi mimi, na tazama nilipofika. Nenda siku hiyo ukiwa na mwenzako wa chuo, simama kaunta, useme, "Ahsanteni, sitafanya kazi hii." Wakiuliza sababu, huna haja ya kuitoa. Usinitaje. Najua utatetemeka. Mimi sikuwahi kulisema neno hilo hata mara moja, kwa hiyo siwezi kukwambia linavyokuwa mdomoni.

Na ikiwa wakati wowote, mahali popote, mtu atakupa kitu utie sahihi, na wewe hujakifungua, mwambie asubiri. Watakuona mzito. Wateja watapiga vidole mezani. Mimi nilianza kwa kutotaka kumchosha mtu aliyesimama mbele yangu, mwanangu. Hakukuwa na rushwa wala tisho. Niliona haya tu kumfanya mtu asubiri nusu saa.

Kadi yako ni ya giga nne, nazo ni za kweli. Mkono wake ni wa wastani. Michoro mikubwa igawe, ghorofa moja moja, itakuchukua muda lakini haitakuangusha. Wenzako watakupita mwanzoni. Waache.

Sasa sikiliza namna ya kunipata, na uishike, kwa sababu karatasi hii utaichana.

Usinipigie simu. Laini yangu imesajiliwa na duka, na simu yenyewe huenda isiwe kwangu jioni. Usimpigie khalati pia, watamuuliza yeye kwanza, na yeye hajui kudanganya. Ukifika, andika barua kwa mkono, uipeleke ofisi ya mabasi uliyoshukia, wape kama kifurushi kwenda Mwembe Tayari. Juu yake usiandike jina langu. Andika: Mama Dama, muuza mahamri, kando ya ofisi ya mabasi. Ni Mgiriama, mnene, ana meno ya mbele yaliyoachana. Nimeshazungumza naye, hakuniuliza kitu. Nitapita kwake kila alfajiri, basi la Nakuru linapoingia. Niandikie kwanza ulikolala, kisha hayo ya Jumamosi.

Majibu yangu yatakuja kwa njia hiyohiyo, ofisini kwao huko, kwa jina lako kamili na la babako. Siku tatu zikipita bila kitu, usifanye lolote. Zikipita saba, andika tena kwa Mama Dama, mstari mmoja tu, kuwa uko salama. Usije. Hata ukiambiwa naumwa, hata ukiambiwa na mtu unayempenda, usipande basi kurudi huku mpaka nikuite mwenyewe.

Mamako